Usianze na samahani: niliyoyasema kwa wazazi na vijana wa bodaboda, Malindi

(Haya niliyasema kwa mdomo Majengo, Malindi, alafu watu wakaniomba niyaandike sababu wengine walikua nyuma hawakusikia vizuri, maikrofoni ilikua yakatakata. Nimeyaacha karibu vilevile.)

Assalam aleikum jamani, na wale wa bwana asifiwe nawasalimu pia. Vijana wa steji naona mmekaa huko nyuma karibu na pikipiki zenu kama watu wanaojiandaa kutoroka, sogeeni mbele, leo hakuna mchango.

Nimeitwa niongee mambo mawili na mwenyekiti alishaniuliza mbona usichague moja, nidhamu ya watoto shuleni na kuendesha ukiwa umelewa vyahusiana nini. Nikamwambia mimi hapa mtaani nasaidia watu kusoma karatasi za sheria na kuwaonyesha mlango wa kuingilia, si wakili, mawakili wako na ofisi zao, na karatasi ambazo huletewa sana ni hizo mbili, barua ya shule na risiti ya kash bel, ile pesa ya dhamana ya polisi, kama hiyo risiti ipo. Na huyo anayeniletea karatasi, awe mama wa mtoto au kijana wa bodaboda, utakuta alifanya kitu kilekile, aliomba msamaha kabla hajaambiwa kosa ni lipi.

Sisi watu wa Pwani ndivo tulivolelewa. Mkubwa akikasirika wewe shuka chini, nisamehe baba, nisamehe mwalimu, alafu mambo yaisha. Nyumbani ni adabu nzuri na siwaambii muiache. Lakini ofisini kwa prinsipo na pale barabarani usiku mbele ya afande, samahani yako haimalizi jambo, yaandikwa.

Nianze na shule. Kuna mama mmoja, sitamtaja wala shule sitaitaja, alipigiwa simu asubuhi akaambiwa njoo umchukue kijana wako. Mwanawe alikua fomu tuu, kidato cha pili. Yule mama akaacha mahamri yake hayajaisha kuuzwa akajifunga leso ya pili akapanda tuktuk mpaka shuleni. Akasimamishwa pale mlangoni mwa ofisi, kiti kipo lakini hakuambiwa keti, akapewa karatasi ya mistari mitatu, mwanafunzi huyu ametumwa nyumbani kwa utovu wa nidhamu mpaka atakapoitwa. Basi. Hakuna tarehe ya kurudi, hakuna kosa limetajwa, na kijana mwenyewe hakuulizwa chochote na mtu yeyote, aliambiwa tu chukua godoro lako. Na yule mama, badala ya kuuliza, akasema yale ambayo mimi na wewe tungesema, mwalimu tusameheni huyu mtoto ni mjinga hata nyumbani atusumbua. Mwalimu akachukua kalamu akaandika kwenye faili, mzazi amekubali mtoto ana tabia mbaya tangu nyumbani. Muhula ukaisha kijana yuko nyumbani abeba mchanga. Kosa lenyewe lilipokuja kujulikana ilikua simu imekutwa bwenini chini ya kitanda cha watu wawili, na ile simu ilikua ya yule mwengine.

Sasa sheria yasemaje. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 35, yasema mwanafunzi asirudishwe nyuma darasa wala asifukuzwe shule, na kufukuza kama kutakuja, kutakuja kwa kanuni zilizowekwa, baada ya njia zote za kumrekebisha kujaribiwa zikashindikana, na baada ya mtoto NA mzazi kupewa nafasi ya kusikilizwa. Wote wawili, si mzazi peke yake. Na hata akifukuzwa haachwi barabarani, sheria yasema apelekwe taasisi ya kumrekebisha huku anasoma. Alafu Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 47, uamuzi wowote wa kiofisi wa kukugusa lazima uwe wa haki na ufuate utaratibu, na kama umekuumiza una haki upewe sababu kwa maandishi. Kwa maandishi, mama zangu. Utovu wa nidhamu si sababu, hilo ni jina la jumla. Sababu ni siku fulani saa fulani mtoto alifanya kitu fulani na fulani alimuona.

Kwa hivo ukiitwa shule, ingia kwa heshima zako zote, salimia, kaa hata kama hujaambiwa kaa, alafu sema mwalimu naomba kujua mtoto ameshtakiwa nini na nani alimuona, na yeye mwenyewe amesemaje. Unyamaze. Ukipewa barua soma papo hapo, angalia kama ina tarehe, ina kosa, ina siku ya kikao cha bodi. Kama haina, omba iandikwe. Usipige kelele, usimtishe mwalimu eti utaenda redioni, mwalimu akitishwa huandika vizuri zaidi kuliko akiulizwa. Na ujue hedimasta peke yake hafukuzi mtoto shule, kuna bodi ya shule, juu yake kuna bodi ya elimu ya kaunti, na ukiona bodi ya kaunti imekukosea kuna jopo la rufaa za elimu limewekwa na sheria hiyohiyo ya 2013. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu, na Malindi tunayo, hatuhitaji kupanda basi kwenda Nairobi. Mahakama zetu zishawahi kuwarudisha wanafunzi darasani si kwa kuwa hawakukosa, ila kwa kuwa hawakusikilizwa.

Kuna mzee hapa mbele aliniambia kabla sijaanza, hizo haki za watoto ni mambo ya Wazungu. Mzee wangu, nakuheshimu, lakini Wazungu wenyewe walipelekana kortini mpaka juu kabisa kuyapata. Kule Marekani, mji wa Columbus jimbo la Ohio, wanafunzi walisimamishwa masomo mpaka siku 10 bila kuulizwa, kesi ikaenda mpaka mahakama yao ya juu, mwaka 1975 wakashinda kwa majaji 5 dhidi ya 4. Kura moja tu. Sisi hatukungoja majaji wabishane, tumeandika kwenye Katiba na tukaipigia kura wenyewe, na hapa Malindi watu walipanga foleni juani.

Viboko sasa, na hapa najua nitakosana na watu. Viboko shuleni vimepigwa marufuku Kenya tangu 2001, Katiba ikaja ikasema kifungu cha 29 hakuna mtu kuadhibiwa kwa kupigwa, alafu sheria ya 2013 kifungu cha 36 ikaweka bei kabisa, mwalimu akipatikana na hatia faini isiyozidi shilingi 100,000 au jela isiyozidi miezi 6 au vyote pamoja. Na si kiboko tu, hata kumtesa mtoto kiakili, kumuita mbele ya paredi umdhihaki nguo yake. Lakini kila siku naona wazazi wenyewe waenda shule wamwambia mwalimu huyu ni wako, mpige tu, niachie mifupa. Alafu mkono ukivunjika yule mzazi ataka kushtaki. Utamshtaki nani, na wewe ndiye uliyemuachia? Mwalimu atasema mzazi aliniruhusu, kisheria ruhusa yako haina nguvu yoyote lakini kesi ishaingia maji. Mtoto akiumizwa nenda hospitali kwanza upate karatasi ya daktari, alafu polisi uandikishe OB, kile kitabu chao cha matukio, na uombe fomu ya P3, ile ya daktari kujaza majeraha, alafu ofisi ya watoto. Kuna simu ya bure pia, 116, ni ya mambo ya watoto. Usianze kwa chifu kukaa kikao cha mbuzi.

Na walimu walioko hapa msinune. Mimi sisemi mtoto aachwe avunje shule, tumeona mabweni yakichomwa nchi hii na watoto wakafa ndani. Mtoto mkorofi aadhibiwe, apewe kazi, asimamishwe kama kanuni zaruhusu, lakini asikilizwe. Kumsikiliza mtoto kwachukua robo saa. Mwalimu akifuata njia, hata mzazi aende kortini na mawakili watatu hatashinda, na hii nawaambia kwa faida yenu nyinyi walimu zaidi ya wazazi.

Njia ni kitu kikubwa kuliko mnavodhani. Mwakumbuka kesi ya hijabu ya kule Isiolo, shule ya Kiwanjani? Wengi hapa mwaijua nusu. Mahakama ya Rufaa mwaka 2016 iliwaruhusu wasichana wavae hijabu na suruali nyeupe, tukafurahi sisi, misikitini yakatajwa. Alafu Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta ule uamuzi, na watu wakasema korti imepinga hijabu. Haikua hivo. Majaji wengi walisema lile ombi la hijabu liliingizwa kwenye kesi kwa njia isiyo sawa, na mtu anayetaka kulileta alilete upya kwa utaratibu. Na mwaka huohuo 2019, Septemba, Mahakama Kuu Nairobi, Jaji Chacha Mwita, akamruhusu msichana wa Kirasta asome na rasta zake kichwani. Yule njia yake ilikua sawa. Kwa hivo binti yako akikatazwa mtandio usikimbilie kugombana na askari wa geti, andika barua kwa bodi ya shule ya kuomba aruhusiwe kwa sababu ya dini, weka kopi, wapige muhuri wa kupokea kwenye kopi yako. Ile kopi yenye muhuri ndio kesi.

Haya vijana, zamu yenu. Mlikua mwacheka ya walimu.

Sheria ya Trafiki, sura ya 403, kifungu cha 44. Chasema mtu anayeendesha au anayejaribu kuendesha au aliye na usimamizi wa gari barabarani au mahali pa umma, akiwa amelewa pombe au dawa ya kulevya kiasi cha kutoweza kulimudu gari, ana hatia. Gari hapo ni pamoja na pikipiki na tuktuk. Na sikiliza vizuri, si lazima uwe wakimbia, umekaa ndani, ufunguo uko mkononi, umeegesha pale nje ya baa Casuarina wangoja kichwa kitulie, afande anaweza kusema huyu ndiye msimamizi wa gari. Ukitaka kulala lala nyumbani, mpe mtu ufunguo.

Sasa alkoblo, ile mashine ya polisi ya kupulizia ya kupima pombe. Kila nikikaa steji nasikia mtu asema alkoblo ilifutwa na korti hawawezi kukushika. Ukweli ni nusu. Kanuni za kupulizisha watu zilitoka 2011, mashine zikaanza kuonekana barabarani 2013, kipimo kikawa mikrogramu 35 za pombe kwa kila mililita 100 za pumzi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema zile kanuni zagongana na sheria mama, sababu sheria yasema mtu awe ameshindwa kulimudu gari, na kanuni zikawa zaadhibu nambari tu kwenye mashine. Kilichoanguka ni kanuni, kifungu cha 44 hakikuanguka, kiko vilevile. Maana yake afande anayejua kazi yake atakwambia shuka, tembea, ataangalia macho, atasikia ulimi, atasema jinsi ulivokua wapita upande huu na upande ule, atakupeleka kwa daktari. Mashine hata isipokuwepo kesi yaweza kusimama. Na mashine yenyewe yapima pombe tu, aliyevuta bangi akadhani amepona kwa kuwa nambari ni sufuri, lile neno dawa kwenye sheria lamngoja yeye.

Msichanganye pia na za kwenye filamu za Marekani, kule majimbo karibu yote ni asilimia 0.08 kwenye damu, Utah wameshusha mpaka 0.05, na wao wana sheria zao za leseni ambazo si zetu. Kijana mmoja aliniambia afande hakunisomea haki zangu kwa hivo kesi imeisha. Ile wasomayo kwenye filamu yatoka kesi ya Miranda ya 1966, Arizona. Yetu ni kifungu cha 49 cha Katiba, afande akikukamata akuambie mara moja, kwa lugha unayoielewa, umekamatwa kwa nini, na una haki ya kunyamaza, na una haki ya kuongea na wakili au mtu wako. Mgiriama wa ndani asiyejua Kiingereza haambiwi kwa Kiingereza. Hii ni haki kubwa lakini kesi haifi yenyewe kwa kuwa hukusomewa, lazima useme kortini, hakimu aandike.

Na kunyamaza ndio watu wetu hawawezi. Tuchukulie wewe umesimamishwa saa tano usiku ile barabara ya Mombasa karibu na Gede, tochi yakupiga usoni, afande asema umekunywa? Jibu la kila mtu ni moja, mbili tu afande. Hakuna mtu Malindi ashawahi kunywa tatu. (Watu wakacheka sana hapo.) Sasa ile mbili tu ndio samahani ya barabarani. Sheria ya ushahidi yasema kukiri kosa kunakokubalika kortini ni mbele ya hakimu au jaji, au ofisa wa polisi wa cheo kinachotakiwa na sheria ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mtu wako uliyemchagua awepo. Barabarani hapo hakuna hata kimoja. Lakini wewe mwenyewe ushalegea, na kutoka mbili tu safari ya kwenda kwenye tuongee ni fupi. Na tuongee ni kosa jengine, sheria ya hongo ya 2016 yamshika anayetoa sawa na anayepokea, mpaka miaka 10 jela au faini ya mpaka milioni 5. Umeingia na kosa moja watoka na mawili.

Toa leseni, sema jina lako, kuwa mpole, uliza afande nimekosa nini. Mengine utayasema na wakili.

Wakikupeleka steshen, muda ni saa 24 ufikishwe kortini. Hapa pana mtego wa Ijumaa, na ndio mwingi wa simu za usiku nazopigiwa. Saa 24 zikiisha wakati korti imefungwa, wanaruhusiwa kukupeleka siku ya kazi inayofuata. Ijumaa usiku maana yake Jumatatu. Kwa hivo ukishatulia pombe ikashuka omba bondi ya polisi au kash bel, usikubali kuambiwa leo ofisa hayupo. Bondi, yaani kuandika ahadi ya kurudi, ni bure. Kash bel ni pesa, lakini ni pesa yako, upewe risiti, na kesi ikiisha ukiwa ulikua waenda kortini zarudi. Pesa isiyo na risiti si kash bel, ni zawadi.

Alafu kortini. Asubuhi imefika, umechoka, mbu wamekula, mwenzako wa seli akwambia kubali tu ulipe faini twende zetu. Watu wangapi hapa wamekubali hivo? Naona mikono inainuka nusunusu. Ukikubali umehukumiwa, hilo jina lakaa. Na nyinyi vijana wote mnataka kwenda Qatar na Saudia, cheti cha tabia njema chatolewa kwa alama za vidole, hukumu ikitokea hapo ajenti atachukua mwengine. Kama kweli ulikua umelewa na ushahidi upo, kukubali mapema yaweza kukupunguzia, sikatai, ila kubali ukijua ulichokubali, usikubali ili uwahi chai. Karani akisoma mashtaka kwa lugha usiyoielewa sema sielewi, mkalimani ni wa bure, kifungu cha 50.

Mzee mwengine ameuliza, na ni swali zuri, pombe ni haramu, mbona watufundishia walevi haki zao, waache washikwe. Mzee, mimi sinywi. Na mlevi anayeendesha watu mimi namuona muuaji, tumezika vijana wa bodaboda wengi mno, wengine wametoka mangwe, kule kunakouzwa mnazi, na mnazi kichwani na abiria nyuma bila helmeti. Washikwe. Lakini usiku tochi haijui nani kanywa na nani katoka kuswali, na siku afande mmoja mwenye njaa akikwambia wewe umelewa, utazitaka hizi haki kuliko mlevi mwenyewe.

Na la mwisho ni pale mambo mawili yanapokutana, na hutokea sana likizo. Kijana wa shule, miaka 16 au 17, achukua pikipiki ya binamu, anywa, ashikwa. Huyo bado ni mtoto, Katiba kifungu cha 53, kumfunga ni njia ya mwisho na kwa muda mfupi kabisa, na asichanganywe na watu wazima. Mzazi nenda steshen na cheti cha kuzaliwa mkononi, mtoto mrefu mwenye ndevu polisi humuandika miaka 19 na ukishaachia hivo atalala na watu wazima. Shule ikisikia nayo huleta barua yake. Hizo ni kesi mbili, moja haimalizi nyengine, shule haiwezi kusema polisi walishamshika kwa hivo hatuna haja ya kumsikiliza.

Aliyekuja na barua ya shule au karatasi ya polisi asiondoke, nitazisoma moja moja hapa mezani, tuanze na kina mama wa Gongoni na Mambrui sababu wana matatu ya kuwahi, na vijana mliopaki mbele ya geti hebu toeni pikipiki watu wapite.